Skrubu Tuliyoizika kwa Saruji

Kompresa yetu, mashine ya kubana upepo wa kunyunyizia rangi, ilikuwa imezikwa miguu kwa saruji, na aliyelainisha saruji ile ni mimi. Siku kaka yangu alipoileta kwenye karakana yetu ya kupaka magari rangi, pale Kimemi, mjini Butembo, jambo la kwanza alilowaza ni wezi. Akachimba sakafu, akaitumbukiza mpaka tumbo la tangi likalala kwenye saruji mbichi, kisha akajipiga kifua.

"Sasa mwizi akikuja, abebe na nyumba yote."

Nilicheka. Niliona skrubu ndogo chini ya tangi ikizama, nikapitisha mwiko pale kwa madaha, kazi safi kabisa. Sikuuliza skrubu ile ilikuwa ya nini, na yeye hakuuliza.

Miaka ikapita. Nilianza kwa msasa, nikasugua magari ya watu mpaka ncha za vidole zikawa laini kama sabuni, ndipo kaka akaniachia pistole, chombo chenyewe cha kunyunyizia rangi. Mwanamke mwenye pistole! Watu walisimama barabarani kunitazama. Nilipenda kutazamwa, sitaficha.

Kisha mama mmoja mfanyabiashara wa Beni, mji wa jirani, akatuletea basi lake dogo, akitaka liwe la bluu. Nilianza na boneti. Rangi ilipokauka ilikuwa na vipele, na kila kipele kina tundu katikati. Nikasugua, nikapaka upya. Vipele vikarudi. Kaka aliinama, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Ni mukono yako," akasema. "Mara mbili sasa. Ya tatu nitapiga mimi mwenyewe. Weye utarudia ku papier verre."

"Yaya, mukono yangu iko sawa," nikamjibu; yaya kwetu ndiyo ndugu mkubwa.

"Lakini rangi njo inaonesha."

Papier verre ndiyo msasa. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Msasa si aibu, lakini kuurudia mbele ya majirani walewale walioniona nikiuacha, hapana. Usiku ule nililala na hasira, nikaamka nayo.

Asubuhi kaka akaenda Beni kununua rangi nyingine, maana baada ya mkono wangu alikuwa ameanza kuilaumu rangi pia. Nikabaki na mashine. Nilielekeza pistole tupu kwenye kioo cha dirisha, nikabonyeza. Badala ya upepo mkavu, kioo kikajaa matone.

Mama yetu aliuza kasiksi, pombe ya ndizi, na kazi yangu utotoni ilikuwa kugonga bidoni, yaani madumu yake, kujua imebaki kiasi gani. Penye utupu panalia, penye pombe pananyamaza. Nikaligonga tangi juu kwa kifundo cha kidole, likalia. Nikashuka kidogo kidogo nikigonga. Kabla sijafika chini, likanyamaza.

Hapo nikaelewa. Ukungu wa Butembo unaingia kila mahali. Kila asubuhi mashine inauvuta na kuubana, na ukipoa mle ndani unageuka maji, kama yale ya kwenye kifuniko cha sufuria. Maji hayo yalitakiwa kutolewa kila jioni kwa ile skrubu ndogo. Tangu siku ya kwanza hayakuwahi kutolewa hata mara moja, na sasa yalitoka pamoja na upepo kwenye pistole, yakatoboa rangi.

Ningeweza kumngoja kaka. Sikumngoja. Nilichomoa umeme, nikatoa upepo wote mpaka mshale wa kipimo ukalala kwenye sifuri, nikachukua nyundo na tindo. Saruji yetu ilikuwa nzuri, nailaani mpaka leo. Saa sita mchana skrubu ikaonekana, imevimba kwa kutu. Nikaimiminia mafuta, nikaishika kwa spana, nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Ikageuka.

Maji yalitoka mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni, pamoja na magamba ya kutu, nami nikayachota shimoni kwa kopo. Nilikuwa kwenye ndoo ya tatu kaka alipoingia na mkebe wake wa rangi.

"Umevunja saruji?"

"Nimevunja."

"Na bezi je, si bataibeba?"

"Yaya, angalia ndoo."

Akaangalia. Akachovya kidole, akanusa. "Hii yote ilikuwa mule ndani?"

"Miaka yote. Na mi njo nilifunika ile skrubu."

Akajifuta kidole kwenye suruali. "Tulifunika bote, mi na weye," akasema.

Hatukuiwasha siku ile. Tangi lililoliwa na kutu linaweza kupasuka na kuua mtu. Tulimaliza kulichimbua, tukalijaza maji mpaka shingoni, tukasukuma kwa pampu ya mkono kupita nguvu tunayoitumia kazini, tukaufuata kila mshono kwa vidole. Halikuvuja hata tone. Tukalikausha, tukaliweka juu ya magogo mawili ya mkaratusi, skrubu ikiwa wazi, na tukalifunga ukutani kwa mnyororo ili kaka apate usingizi.

Siku ya tatu nilisugua boneti. Kaka akaichukua pistole, maana alisema ya tatu atapiga mwenyewe. Akabonyeza kwenye kioo cha dirisha. Kioo kikabaki kikavu. Akakitazama, kisha akanikabidhi pistole, na nikapaka.

Hakuna kipele hata kimoja. Nilizunguka boneti ile kama bibi harusi, nikicheka peke yangu. Tangu hapo nafungua skrubu kila jioni, na ule mlio wake wa kufoka naupenda kuliko muziki.

Mama wa Beni alipokuja kutazama kazi imefika wapi, aliinama juu ya boneti, akauona uso wake humo, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

"Wasingya," akashukuru kwa Kinande. "Nani alipiga hii rangi?"

Kaka alikuwa amepiga magoti nyuma ya basi, akisugua mlango, vumbi limemfika kwenye nyusi. Hakuinua kichwa.

"Ni mudogo yangu," akasema. "Mi niko ku papier verre."