Jikoni kwa Chifu

Juzi katika ofisi ya utamaduni hapa Busia, bwana mmoja wa suti alitandaza juu ya kaunta nzima ramani ya boma la babu yake, chifu wa enzi za mkoloni. Alitaka ligeuzwe makumbusho. Akamsomea karani historia ya ukoo, kidole juu: "Babu hakuwahi kumkimbia mzungu."

Mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni akakohoa. "Hiyo ni kweli. Mamangu alikuwa anapika huko. Mzungu akikuja kuuliza ng'ombe za watu zimeenda wapi, chifu alikuwa anaingia tu jikoni."

"Jikoni kufanya nini, mama?" karani akauliza.

"Kukaa. Jikoni ilikuwa Uganda, na huyo mzungu alikuwa wa Kenya."

Karani akainamia ramani. Kweli, mpaka ulipita katikati ya ua. Bwana wa suti akaanza kuikunja polepole, upande wa jikoni ukitangulia ndani.

"Wacha jikoni ionekane, boss," karani akamwambia. "Hiyo ndiyo watu watakuja kuona."

Namuunga mkono. Kila mkubwa wa leo ana jikoni yake ya kuingilia. Hii ya chifu angalau tunajua iko wapi.