Mfuko wa Fundi Viatu

Jirani yangu fundi viatu ananichosha kwa ukarimu wake. Kila asubuhi humeza dawa yake ya kuzuia damu kuganda, lakini ile ya kupunguza asidi tumboni huitia mfukoni mwa aproni, pamoja na misumari. Mteja akilalamikia kiungulia tu, mkono umeshazama mfukoni: "Chukua, ndugu yangu, mimi tumbo haliniumi." Hata mimi alinipa, nikameza, tena nikashukuru. Juzi sindano ilimchoma kidole, damu ikakataa kukatika. Akakifunga kwa uzi wa viatu, akaendelea kushona. Mkewe akapiga kelele, "Baba watoto, daktari alisema hiyo ya tumbo ndiyo inakulinda usivuje damu ndani!" Akacheka. "Huko ndani nani kaona?"

Leo ameninong'oneza kwamba choo chake ni cheusi kama rangi ya viatu. Nimemkokota hadi hospitali, jasho linamtoka, midomo imempauka. Tukiwa kwenye benchi, mama mmoja akashika kifua, akasema kiungulia kinamuua. Nikauona ule mkono unaanza safari ya mfukoni. Nikaukamata.

"Niachie, mzee mwenzangu," akanisihi. "Mama wa watu anaumia."