Bahasha Tatu, Mate ya Mtu Mmoja

Nakumbuka mchana mmoja wa mvua, mwanangu, nilipokuwa plantoni, yaani mtu wa kutumwatumwa, kwenye depo ya dawa ya hospitali moja hapa Bujumbura. Shule niliiacha mapema, lakini shati langu lilikuwa jeupe kama la mwalimu. Alilipiga pasi dada yangu Jenerose. Kila asubuhi tulitoka mtaani kwetu Kamenge pamoja, yeye nyuma ya baiskeli, akiimba nyimbo za kwaya na kunicheka nikihema. Hee, siku zile zilikuwa tamu.

Desturi ya kununua dawa ilikuwa hivi, na hata leo ni nzuri: wafanyabiashara watatu wanaleta bei, kila mmoja ndani ya bahasha iliyofungwa. Zinafunguliwa mbele ya watu. Mwenye dawa nzuri kwa bei nafuu ndiye anapewa soko, yaani kandarasi ya kuleta dawa.

Siku hiyo mkubwa wa depo, Salvatori (namtaja, sina cha kuogopa tena), alinipa barua tatu za bei ya kwinini, kila moja na jina la duka lake. "Funga hizi, petit, kijana wangu, halafu uende ukunywe Fanta."

Nikakaa barazani, nikalamba gundi ya bahasha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Sidonia, muuguzi mzee, akasimama mbele yangu.

"We mutoto, unalamba nini?"

"Bahasha za bei, Mama."

"Zote tatu?"

"Zote. Gundi yake tamu!"

Hakucheka. "Sasa nani anashindana na nani? Bahasha tatu, mate ya mutu moja! Rudisha hizo, sema apana."

Nikadhani ananionea wivu wa Fanta, nikampelekea Salvatori bahasha zake zimefungwa. Soko akalipata Zakaria, shemeji yake Salvatori. Maduka yale mengine mawili yalikuwa majina matupu. Kwa bei ile ya juu, pesa ya mwaka mzima ikaleta makatoni machache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Malaria ilipopanda, tulilazwa wawili hospitalini pale pale, mimi na Jenerose. Kwinini ilibaki ya mtu mmoja. Mama Sidonia alisimama katikati ya vitanda, chupa mkononi. Jenerose akasema, "Mupe kaka. Ndiye anatulisha." Mimi nilikuwa naweweseka tu. Nilipopata fahamu, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya.

Salvatori alijenga nyumba Kinanira, mtaa wa wenye pesa. Zakaria alizeeka vizuri. Mkosaji wa tatu ni ulimi huu wangu.

Sasa nasikia umeingia ofisi ya manunuzi, mwanangu, na dada zako wamekupigia pasi shati. Bahasha zikija, uliza duka liko wapi na nani anauza pale. Zifungue mbele ya watu, bei usome kwa sauti. Ukiambiwa uzifunge wewe, kataa, hata kazi iishe. Bei ya uongo hulipwa na mgonjwa.

Mungu aulinde ulimi wako, na dada zako wazeeke wakikucheka.