Siku Niliyochinjiwa Kuku

Rafiki yangu wa Chwele hakuwahi kunichinjia kuku. Tuliuza vitunguu meza moja sokoni miaka mingi, na kwake niliingia kwa mlango wa nyuma, bila hodi, nikafunua sufuria mwenyewe. Kukiwa na kunde, nakula kunde. Kukiwa na ukoko, tunaugombania. "Kura bana, chakula kinapoa," angeniambia, nami namjibu: "Sawa, nimpigie nani?" Ulimi wake uligeuza kila kula kuwa kura, utadhani uchaguzi ni kesho. Utani huo haukutuchosha.

Kisha mume wangu akapata kazi Kitale, tukahama. Watu husema usiache mbachao kwa msala upitao. Haya, lakini mbachao uko Chwele na mtoto wako ameungua na uji Kitale, nani atakukimbilia? Nilihitaji majirani. Nikajiunga na akina mama wa kanisa, na Jumapili, siku yangu pekee ya kupumzika, ikawa yao: leo harusi, wiki ijayo kumwona aliyejifungua. Ni watu wazuri, siwezi kuwasengenya. Ila Jumapili ni moja tu, huwezi kuikata vipande. Chwele nikawa napiga simu, baadaye hata simu zikapungua.

Mwaka jana nikaenda. Nilifika mlango wa mbele na, bila hata kufikiri, nikapiga hodi. Alinifungulia akiwa amekonda, leso imemzidi. Akanikumbatia, akaniketisha kwenye kiti cha kitambaa cheupe, akamwita binti yake: "Shika kuku."

Nikainuka niende jikoni nikasaidie.

"Kaa," akasema. "Mgeni haingii jikoni."

"Mgeni! Tangu lini?"

"Tangu uanze kupiga hodi."

Woi, niliumia. Afadhali angenitukana. Kuku akaletwa, mnono, na sikutamani hata mchuzi wake.

"Kura," akasema.

"Nimpigie nani?"

Akatabasamu kwa adabu tu. Nikamwuliza anaumwa nini, akasema ni malaria, inaisha. Jikoni hatukuwahi kudanganyana. Sebuleni nilijibiwa kama mtu wa sebuleni, nikarudi Kitale na hasira zangu.

Ilikuwa saratani. Niliambiwa matangani, na mama nisiyemjua, aliyeshangaa kwamba sikujua. Sikupita mbele. Nilizunguka nyuma ya nyumba bila hodi, nikakunja mikono ya nguo, nikaketi kwenye gunia la vitunguu nikaanza kukata. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Nani angejua ni ya nini?

Binti yake akaja, akanitoa kisu mkononi polepole.

"Mama, usijisumbue. Wageni wanakaa kwa tenti."

Nilitaka kumwambia mimi si mgeni wa nyumba hii. Akanipeleka hadi kwenye kiti, akaniletea sahani yeye mwenyewe, paja zima la kuku juu yake.

"Kura, mama."

Nikala. Wa kumwuliza nimpigie nani hakuwepo.