Mahali pa Kumwitia Ngamia

Habari ya msiba ilinifikia kwa simu, asubuhi, nikiwa kazini Nizwa: mzee wa Bidiya, kule ukingoni mwa jangwa, amefariki na atazikwa baada ya alasiri. Hakuwa jamaa yangu. Alikuwa jirani wa bibi yangu, mzaliwa wa Unguja aliyefika huku akiwa kijana, akafanya kazi serikalini mpaka akastaafu, kisha akanunua ngamia mmoja, jike, akawa anamsemesha Kiswahili. Mabedui walimcheka mpaka wakachoka. Wanawe wenyewe, ambao wakisemeshwa Kiswahili hujibu Kiarabu, walimwonea haya. Ngamia hakuona haya; akiitwa, alikuja.

Mwaka jana nilimkuta mzee ukingoni mwa mchanga, ngamia wake hajarudi malishoni. Nilimwamkia shikamoo. "Marahaba. Haya msomi, mwite wewe leo." Nilipanda tuta refu kuliko yote, kwa hesabu zangu kwamba sauti ikitoka juu itafika mbali. Nikaita mpaka koo likakauka. Chini nilimsikia anacheka. "We! Unamwita ngamia au unahutubia? Upepo unakupiga usoni, maneno yako yanakurudia mdomoni!" Niliposhuka alinipeleka bondeni, kwenye mti wa ghafu ambao ngamia aliuzoea kwa kivuli, akasimama upepo ukiwa mgongoni mwake. Hapo, alisema, upepo humpelekea sauti na harufu yako pamoja. Akaita mara tatu, taratibu: "Njoo, bibi wee. Njoo nyumbani." Kisha akanyamaza. Mimi nikaanza kuuliza kama ni sauti au harufu inayomleta, na kama amewahi kujaribu moja bila nyingine. Akaweka kidole mdomoni. "Wallahi wewe huchoki. Ukishaita, nyamaza. Mwache naye aamue." Punde kichwa kikachomoza nyuma ya tuta.

Siku ya maziko watu walijaa, magari yakaingia na kutoka, na mlango wa zizi ukasahauliwa wazi. Ngamia akaondoka, akaacha ndama wa wiki mbili. Siku ya tatu, nilipokwenda kwenye khitma, ndama alikuwa amelala ubavu. Chupa alikuwa anaikataa, na kilio chake kilikuwa kimepungua, jambo lililotutisha kuliko kilio chenyewe. Wanawe walikuwa wamezunguka jangwani kwa magari, wakipiga honi na kuita kwa Kiarabu. Mara mbili walimwona ngamia kwa mbali. Mara mbili alikimbia.

Mjane akanivuta kando. "Mwanangu, nenda wewe. Maneno ya mzee unayajua."

"Bibi, ngamia hajui maneno. Anajua sauti ya mtu."

"Basi wewe peleka maneno," akasema, akinivika shali ya marehemu begani. "Hayo mengine si kazi yako."

Nilikwenda kwenye mti wa ghafu. Nilijaribu upepo kwa pindo la shali, nikaupa mgongo. Nikaita mara tatu, maneno yale yale, na nilijisikia mwizi. Kisha nikanyamaza. Sikumbuki kama nimewahi kunyamaza vile maishani mwangu. Maswali yalinijaa kifuani na sikulitoa hata moja. Ngamia alipotokea, alikuja moja kwa moja, kiwele kimejaa, akanusa shali. Halafu akainua shingo akatazama nyuma yangu. Hakutazama kama mnyama aliyeshtuka. Alitazama kama aliyemwona mtu anayemjua, kwa muda mrefu, masikio mbele. Nyuma yangu palikuwa na mchanga mtupu. Najua, kwa sababu niligeuka. Kisha akanipita, akashika njia ya nyumbani, na magharibi haijaingia ndama alikuwa ananyonya.

Nina maelezo yangu. Harufu ya shali, mazoea ya mahali, maziwa yanayomuuma. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloeleza alichokuwa anakitazama. Zamani ningewaandikia nyinyi wasomaji wa safu yangu aya tatu za kubishana na jambo hilo. Sasa naona kwamba miaka yote, kwa maswali yangu, nimekuwa nikiita kutoka juu ya tuta, uso kwenye upepo, halafu nalalamika kwamba hakuna anayeitika. Mzee alinionyesha pa kusimama. Wiki hii nimerudi pale mara mbili, bila ngamia wa kutafuta. Nasimama, upepo mgongoni, siulizi kitu. Na sijageuka tena.