Mpaka wa Kadi Yangu ya Mwezi

Sisi watu wa Bukavu mgeni hatumuagi mlangoni, tunamsindikiza. Kwa hiyo yaya, dada yangu mkubwa, aliponitembelea Rinkeby, mtaa wa pembeni mwa Stockholm huku Uswidi, kwa mara ya kwanza, jioni nilimfikisha mpaka kituo kikuu cha mjini. Treni yake ya kurudi Uppsala, mji anakoishi, ikafungua milango, na hadithi ya harusi ya binamu yetu ilikuwa haijafika hata kwenye keki. Nikaingia naye! Kadi yangu ya usafiri ya mwezi ilikuwa mkobani, hofu ya nini?

Mjinga mimi. Kadi ile ni ya mkoa wa Stockholm, na mkoa wenyewe unaisha katikati ya safari, ukishapita uwanja wa ndege, pahali ambapo dirishani unaona misonobari tu. Hakuna kibao wala bendera. Mkaguzi wa tiketi alikuwa mpole, akaniandikia faini bila maneno mengi. Lakini yaya, ambaye alikuwa na miezi minne tu nchini, alisimama, akafungua pochi na kuanza kumnyooshea yule mtu makaratasi yake yote, kuanzia yale ya kambi ya wakimbizi. Alidhani wananikamata.

Tuliposhuka Uppsala aliniambia, "Mimi treni yao sipandi tena. Ukinitaka, utakuja wewe."

Nikawaka moto. Miaka kumi na moja tumetenganishwa na vita na kambi, leo tutenganishwe na tiketi? Thubutu! Nisingemwacha dada yangu ajifungie ndani ya nyumba ya ghorofa kwa ajili ya woga.

Nikaanza kusoma. Kila mapumziko kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nilikuwa na ramani na masharti kwenye simu. Na jamani, utamu ukaniingia! Sikilizeni: treni inapita chini ya uwanja wa ndege. Ukitulia kitini mwako, kituo kile hakikudai kitu. Ukishuka tu, geti linataka malipo yake. Lakini ukipanda treni ya tawi lingine mpaka mji wa Märsta, ukamalizia na basi, unafika uwanja uleule kwa kadi ya kawaida! Siku nilipoling'amua hilo nilipiga ukelele, wazee wote mezani wakageuka. Kisha kuna treni za masafa marefu, zinakwenda hukohuko Uppsala, na kadi yangu hata kuitazama hazitaki. Na mpaka? Unanunua tiketi ya mkoa wa pili kabla hujapanda, au moja inayobeba mikoa yote miwili. Basi, kumbe ndiyo hiyo tu! Binti yangu akaniambia kwa Kiswidi kwamba nimekuwa kichaa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni kweli.

Kila jioni nilimpigia yaya nikamfundisha. Mwanzoni alikuwa akiguna, "Mm, mm," huku nasikia sufuria zake zikigongana. Wiki ya tatu sufuria zikanyamaza. Akauliza, "Na nikikosea, nikashuka pale kwenye ndege?" Nikamweleza. Akauliza tena, "Na tiketi inakufa baada ya muda gani?" Nikamweleza na hilo, lakini sikuthubutu kumuuliza kwa nini anataka kujua.

Jumamosi moja asubuhi kengele ya mlango ikalia. Nilifungua nikiwa na povu la sabuni mpaka viwikoni. Yaya alikuwa peke yake, kavaa kitenge cha kanisani chini ya koti la baridi, anahema kwa sababu ya ngazi.

"Mkaguzi kapita," akasema kabla hata ya salamu. "Nikamwonyesha tiketi kwenye simu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwa wengine."

Nilimshika mikono yote miwili, povu na yote.

"Unajua," akasema, "tangu tutoke nyumbani mimi nimekuwa mtu wa kubebwa. Lori, ndege, gari la serikali. Leo nimejileta."