Siku Lenzi Mpya Iliponiangusha kwa Mama Mkwe

Kashai nzima, mtaani kwetu hapa Bukoba, wanaijua hii habari, ila wanaijua kwa upande wa vicheko, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe na aibu yangu yote, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo.

Mimi ni mpiga picha. Nina kachumba kangu, pazia la bluu ukutani, viti viwili, na kamera kubwa, ile ya kubadilisha lenzi, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kwa miaka sita kamera hiyo ilikuwa na lenzi moja tu, ya zuumu, ndefu hivi, ambayo unaizungusha ukiwa umesimama palepale na mtu aliyeko kule mwisho wa ukumbi anakuja mpaka unahesabu kope zake. Haikuwa nzuri sana, nakubali. Unyevu wa Bukoba ulishaingia kwenye vioo vyake ukaota ukungu pembeni, na ukiingia nayo kanisani, kwenye mwanga hafifu, picha zinatoka na chengachenga utadhani umezipiga kwenye mvua. Lakini ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Sasa wakwe zangu, watu wa Muleba, huko juu Nshamba, wakawa wanajiandaa na jubilei, miaka hamsini ya ndoa ya baba mkwe, Ta Protase, na mama mkwe, Ma Leokadia. Niseme ukweli, ukoo ule haukuwahi kunikubali. Mabinti wengine wameolewa na mwalimu mkuu na bwana wa benki, mke wangu Advera akaolewa na mtu wa kupiga picha, na Ta Protase aliwahi kuniuliza mbele ya wageni, kwa upole kabisa, "Na kazi je, mkwe? Maana hiyo ya kupiga picha nimeshaisikia." (Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ungefanya nini?) Tangu siku hiyo sikuwahi kupeleka kamera kule.

Halafu bila kutegemea shemeji yangu mkubwa, Anatory, kaka yake Advera, akanipigia simu yeye mwenyewe, akasema wamekaa kikao, picha za jubilei nitapiga mimi. Nilikaa chini. Advera alipopata habari hakuruka wala hakushangilia, aliniambia kitu kimoja tu.

"Mama hana picha. Yumo kwenye picha za watu, nyuma kule, ameinama anapakua chakula. Mimi nataka uso wake, picha kubwa, tuitundike pale ukutani. Hiyo moja tu. Mengine piga unavyotaka."

Nikasema hilo ni dogo. Hapo ndipo kiherehere kiliponishika, maana badala ya kupeleka kile nilichokizoea nikaanza kuwaza kwamba siku ya kuwaonyesha wale watu mimi ni nani ndiyo hii, na siwezi kwenda na lenzi yenye ukungu, nikaenda kwa Novatus, mpiga picha mwenzangu, mtu mwenye maneno mengi kuliko wateja. Novatus akanitolea lenzi fupi, nene, isiyozuumu kabisa, kioo chake kipana kinameza mwanga, akasema hii ndiyo ya wataalamu, kanisani hutahitaji flashi, nyuma ya mtu panafifia vizuri, uso unabaki peke yake.

"Na mtu akiwa mbali?" nikamuuliza.

"Unamfuata. Zuumu ni ya wavivu, bwana. Mtaalamu anazuumu kwa miguu."

Tukabadilishana lenzi palepale, nikamwongezea na kitu kidogo juu, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Sasa ngoja niwaeleze ujinga wangu ulipo. Kwa ukoo ule (na kwetu pia, ila wao ndio wameshikilia zaidi) mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe. Unamsalimia kwa mbali, umechuchumaa, macho chini, hamshikani mikono, hamkai mkeka mmoja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwenye migomba umpishe. Siyo chuki, ni heshima, na mimi nimeifuata miaka yote bila hata kufikiri. Yaani mtu mzima na akili zangu nikatoa lenzi inayofika mbali, nikachukua lenzi inayotaka nisogee karibu, halafu nikaenda kumpiga picha mtu pekee duniani ambaye siruhusiwi kumsogelea. Na wiki nzima nilikuwa naifuta vumbi ile lenzi natabasamu.

Kanisani mambo yalikuwa mazuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Padre hapendi flashi, na mimi sikuwasha, na kila nikitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera naona mwanga umetulia, sura safi, chengachenga hakuna. Maharusi wazee nimewapiga wakitembea, wakipiga magoti, mzee ameshika fimbo yake. Ma Leokadia alikuwa ameinamisha kichwa muda wote, uso sikuupata, nikajiambia nitaupata nyumbani. Hata yule shemeji wa benki alichungulia kioo akasema, "Hapa umetisha," na mimi nikapanda hewani.

Nyumbani walifunga turubai kati ya nyumba na kibanja cha migomba, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na Ma Leokadia ameketi mbele kwenye mkeka mpya na dada zake, kilemba cha zambarau kichwani. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, hotuba zikawa ndefu, halafu Ta Protase akasimama kumkabidhi mkewe zawadi, koti zito la baridi, akamwambia kitu kwa Kihaya ambacho sikukisikia vizuri, na yule mama, ambaye miaka yote nimemwona macho chini, akainua uso akacheka. Alicheka kweli, meno nje, machozi yakimtoka. Nikainua kamera. Alikuwa kadogo hivi katikati ya fremu, amezungukwa na masufuria na magoti ya watu.

Advera akanijia mbio. "Umempata?"

"Yuko mbali."

"Si uvute?"

"Hii haivuti."

Akanitazama. "Basi nipe mimi nikampige, mimi ni mwanawe."

Jibu langu nalikumbuka neno kwa neno na kila nikilikumbuka nataka kujipiga makofi. Nilimwambia, "Hii siyo simu, Advera."

Nikazunguka kwa nyuma, kupitia kwenye migomba, nimeinama, nikajifanya napiga keki, kisha napiga maua, kisha nasogea kidogo, kisha kidogo tena, jicho liko ndani ya kamera (na jicho likiwa ndani ya kamera umbali hauujui), na kile kicheko bado kipo, uso unakua, unakua, nikasema hatua moja tu ya mwisho. Mguu ukaingia kwenye kamba ya turubai.

Nilianguka mapajani mwa mama mkwe. Siyo karibu naye, siyo pembeni, mapajani, kifua na mikono yote, na kidole kikiwa kimeganda kwenye kitufe kamera ikawa inapiga tu, tra-tra-tra-tra, nchi nzima wanaisikia. Mkono mmoja ulikamata kilemba nikaenda nacho. Kichwa chake kikabaki wazi, mvi tupu, mbele ya mkwe wake na wageni wote. Ningeamka nikakimbia ingekuwa nafuu. Lakini mimi, kwa kutaka kurekebisha, nikapiga magoti palepale kwenye mkeka wake, nikachukua kile kilemba, nikaanza kumfunga. Nilimshika kichwa, jamani. Kwa mikono yangu miwili nilimshika mama mkwe kichwa.

Wanawake wakapiga kelele kwa Kihaya, wakimwita mama, "Mawe! Mawe!" Mshereheshaji naye, mlevi mkubwa, akaona ajaze nafasi kwa kipaza sauti: "Mkwe amerudi kunyonya!" Vijana wakacheka mpaka wakashika viti. Wazee hawakucheka. Ta Protase alikaa chini taratibu na fimbo yake, hakunitazama, akasema, "Muondoeni."

Anatory akanishika mkono. "Mbwenu, sasa basi shemeji, toka. Toka hapa."

Ma Leokadia aliinuka mwenyewe, akajifunika khanga, akaingia ndani na hakutoka tena. Jubilei iliendelea kwa saa mbili nzima mkeka ukiwa hauna mwenyewe. Shangazi mmoja wa pale, mama mwembamba mwenye macho makali, akanifuata nyuma ya nyumba akataka picha za kichwa wazi zifutwe, nikamwambia kwa heshima zote, waitu shangazi, nazifuta sasa hivi, tazama, akasema haamini mashine, anataka chenyewe kinachotunza. Nikafungua kamera nikamtolea kadi. Akaenda nayo jikoni, akaitia chini ya sufuria la ndizi. Pale motoni ziliingia na zile za kanisani, zote, na mwanga wake mzuri.

Tukiwa njiani kurudi Bukoba, tumeshapita Kemondo, Advera akanigeukia. Halafu akasema, "Miaka kumi nakutetea kwa wale watu. Ningekupokonya ile kamera tu." Ningependa angesema zaidi.

Siku ya pili picha ilishafika Kashai. Kuna mtu alipiga kwa simu, mimi nimelala mapajani mwa mama wa watu, kilemba mkononi. Ikapita magrupu yote, wateja wakawa wanakuja wawili wawili kuniangalia tu, mmoja akaniuliza kama na yeye nitamwangukia mapajani. Uchungu wenyewe ni kwamba ni picha nzuri. Uso wa Ma Leokadia unaonekana wote, hakuna picha nyingine duniani inayomwonyesha hivyo, ila kicheko kimeshaondoka, amebaki na hofu, na mimi ndiye niliyomo ndani yake. Advera aliifuta kwenye simu yake nikimwona.

Nilipeleka mbuzi na lubisi kama inavyotakiwa, wazee wakapokea, Ta Protase akasema yamekwisha, na sasa hivi hata ananitania. Kwake yamekwisha kweli. Ma Leokadia yeye akisikia nimefika anaingia chumba cha ndani, anajibu salamu kupitia ukutani. Mwezi uliopita Advera alimfuata huko ndani na simu, wawili tu, akamwomba picha moja. Mama akamuuliza, "Mume wako ataiona?" Advera hawezi kumdanganya mama yake. Akamwambia ndiyo, itakaa ukutani. Mama akajifunika uso kwa khanga mpaka simu iliporudishwa mfukoni. Advera alinisimulia haya anachambua maharage, bila hasira yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko magrupu yote.

Lenzi ile fupi niliiuza, sitaki kuiona, na vijana wanaoanza kazi hii bado wananijia kuniuliza wanunue lenzi gani, ya kuvuta au isiyovuta, yenye kioo kipana au chembamba. Nawauliza jambo moja tu: huyo unayetaka kumpiga, wewe unaruhusiwa kusimama wapi? Wengine wananicheka. Wacheke, mimi ukuta wangu hadi leo hauna kitu.